Matia Mulumba na Kanisa Lisilokuwa na Padre

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya Kanisa ni kazi ya mapadre peke yao, na kwamba Mkristo amekwisha timiza wajibu wake akisikiliza Misa siku ya Jumapili na kutoa sadaka yake. Mtu wa namna hiyo hukaa parokiani kama mgeni katika nyumba ya watu. Hula akialikwa, huondoka akishiba, wala haulizi ni nani aliyechota maji na ni nani aliyepasua kuni. Katika sura hii tutasoma habari za mtu mmoja wa Uganda ambaye hakukaa hivyo. Jina lake ni Matia Mulumba, na wengine humwita Matia Kalemba. Hakuwa padre wala bruda wala mtawa. Alikuwa mtu mwenye mke na watoto na kazi ya serikali ya mfalme. Lakini mapadre walipoondoka katika nchi yake, yeye na wenzake waliishika kazi ya Kanisa kwa mikono yao, nalo halikufa.

Matia alizaliwa yapata mwaka 1836 katika nchi ya Busoga, mashariki ya mto Nile. Siku hizo majeshi ya Buganda yalizoea kuvuka mto na kuteka watu na ng'ombe. Matia alipokuwa mtoto mdogo, alitekwa pamoja na mama yake, wakapelekwa Buganda kuwa watumwa. Mtoto aliyetekwa hakuwa na ukoo wala shamba wala mtetezi. Lakini Mungu alimjalia akaangukia katika nyumba ya mtu mwema, jina lake Magatto. Mzee huyu alimpenda, akamlea kama mwana wake mwenyewe, akamwingiza katika ukoo wake. Hivyo yule mtumwa akawa mtoto wa nyumbani.

Magatto alikuwa mtu wa kufikiri sana. Alisadiki kwamba watu wa nchi yake walikuwa hawajaipata kweli juu ya Mungu, naye akaitafuta moyoni mwake maisha yake yote. Kabla hajafa, alimwambia Matia kwamba siku moja watakuja watu wa kufundisha njia ya haki, akamwusia aifuate atakapoisikia. Matia aliyashika maneno hayo. Tangu siku ile, kila alipopata habari za mwalimu mpya, alikwenda kumsikiliza.

Wa kwanza walikuwa wafanya biashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani, ambao walifika mpaka mji wa Kabaka Mutesa. Matia alijifunza kwao dini ya Kiislamu, akaifuata. Baadaye walikuja wamisionari Waingereza, na mmoja wao ni Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878. Matia akaenda kwake kujifunza Maandiko. Mwaka 1879 wakafika Padre Lourdel na Bruda Amans, wa shirika ambalo watu waliliita Mapadre Weupe. Matia aliwaendea hao pia, akauliza maswali mengi, akalinganisha, akapima. Mwisho moyo wake ukatulia, na mwaka 1880 akaanza mafundisho ya wakatekumeni.

Wakati huo Matia alikuwa amekwisha kuwa mtu mkubwa. Alikuwa mmoja wa wasaidizi wa Mukwenda, yaani chifu wa jimbo la Singo, upande wa magharibi wa mji wa mfalme. Mulumba ndilo jina la cheo chake. Alikuwa na nguvu za mwili, alikuwa na watumishi, tena alikuwa na wake wengi kama desturi ya wakubwa wa nchi. Mapadre walimweleza kwamba ubatizo hauwezi kupatana na mambo hayo yote. Basi Matia akaachana na wake wengine, akabaki na mke mmoja tu, Kikuwa. Watu walimcheka. Mkubwa asiye na wake wengi alionekana kama mtu aliyefilisika.

Akafanya jambo jingine lililowashangaza zaidi. Katika Buganda ya zamani mtu wa cheo hakubeba mzigo njiani, wala hakushika kazi ya mikono mbele za watu. Mizigo na kazi zilikuwa za watumwa. Matia alichukua mzigo wake mwenyewe begani, akatembea nao mchana barabarani. Akafanya kazi ya kufinyanga vyungu na ya kutengeneza ngozi, kazi ambazo watu wa cheo chake walizidharau. Hakuyafanya hayo kwa kukosa mtu wa kumtumikia. Yeye mwenyewe aliujua utumwa tangu utoto wake, na sasa alijifunza kwamba Bwana wetu alichukua namna ya mtumwa. Alitaka mwili wake ujifunze jambo lile ambalo moyo wake umekwisha lisadiki.

Matia alibatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 28 Mei 1882, pamoja na rafiki yake Luka Banabakintu, ambaye naye alikuwa mtu wa Singo. Hata haijatimia miezi sita, likatokea jambo zito. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule mapadre, kwa kuona hatari iliyowazunguka katika mji wa mfalme, waliondoka Buganda. Wakavuka ziwa kwenda kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania.

Fikirini, enyi wanafunzi, hali ya wale Wakristo. Walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wamebatizwa miezi michache tu iliyopita. Hawakuwa na Misa. Hawakuwa na mtu wa kuwaungamisha. Vitabu vilikuwa haba sana. Wakatekumeni walikuwa katikati ya mafunzo yao, kwa maana Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alikuwa ameagiza kwamba mtu ajifunze muda wa miaka minne kabla ya kubatizwa. Hakuna aliyejua kama mapadre watarudi mwaka ujao, au baada ya miaka kumi, au hawatarudi kabisa. Mtu yeyote angaliweza kusema kwamba dini imeondoka pamoja na wenyewe, kisha akarudi kwenye desturi zake za zamani, wala asilaumiwe na mtu.

Lakini Wakristo wale hawakusema hivyo. Waligawana kazi. Katika jumba la mfalme, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwaongoza vijana wahudumu wa Kabaka. Karibu na mji, Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma za mfalme, alifundisha nyumbani kwake. Na huko Mityana katika Singo, mwendo wa kilometa 70 hivi kutoka mji wa mfalme, kazi ilishikwa na Matia Mulumba, na Luka Banabakintu, na mfinyanzi mmoja jina lake Noe Mawaggali.

Tutazame kila mmoja alitoa nini. Matia alikuwa na nyumba na heshima ya cheo, basi akaifungua nyumba yake iwe mahali pa kusali na kujifunza. Mtu maskini aliyeogopa kukaribia ua wa mkubwa aliingia humo akaketi, akafundishwa na mwenye nyumba mwenyewe. Luka alikuwa na akili ya kushika mafundisho na moyo wa kuyaeleza, basi akawa mwalimu pamoja na Matia. Noe alikuwa fundi wa vyungu na sahani za chifu. Hakuwa na cheo wala mali, bali alikuwa na ufundi wake na ujirani wake, naye akawafundisha wale waliokaa karibu naye. Dada yake, jina lake Munaku, alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Hivyo imani ilipita kutoka nyumba hata nyumba, kama moto unaoazimwa jikoni kwa jirani.

Wakristo hao walisali pamoja sala walizofundishwa. Walikumbushana amri za Mungu. Walitembelea wagonjwa, na mgonjwa aliyekuwa karibu kufa, ikiwa amesadiki na ametaka, walimbatiza. Maana sheria ya Kanisa, zamani na sasa, humruhusu Mkristo yeyote kubatiza mtu aliye katika hatari ya kufa, akitumia maji na maneno yaliyoamriwa, akikusudia kufanya lile linalofanywa na Kanisa. Mapadre walikuwa wamewafundisha mambo hayo kabla ya kuondoka. Basi yale waliyojifunza hayakubaki kuwa maneno ya kukariri, yalikuwa chombo cha kazi.

Kabaka Mutesa alifariki mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala mahali pake. Mwezi wa Julai 1885 mapadre walirudi. Walikuwa wameacha kikundi kidogo, nao waliogopa kwamba watakuta magofu. Wakakuta watu wengi kuliko wale waliowaacha, wamejua sala, wameshika mafundisho, wanangojea ubatizo kwa hamu. Kwa muda wa miaka miwili na miezi minane Kanisa halikuwa na padre hata mmoja katika nchi ile, na katika muda huo lilikuwa limekua. Noe Mawaggali alikuwa mmoja wa wale waliongoja, akabatizwa tarehe 1 Novemba 1885.

Kurudi kwa mapadre hakukumfanya Matia aketi chini na kupumzika. Misa ilisomwa katika mji wa mfalme, na Mityana ilikuwa mbali. Basi Wakristo wa Mityana walipokezana. Wengine walikwenda kwa miguu mpaka mjini kusikiliza Misa, na wengine walibaki kusali pamoja na watu wa kijijini. Waliokwenda walisikiliza mafundisho kwa masikio mawili, kwa maana walijua kwamba wakirudi wataulizwa. Walipofika nyumbani, waliwakusanya wenzao na kuwaeleza yote waliyoyasikia. Hivyo mahubiri ya padre mmoja yalifika mpaka kwa watu ambao hawajapata kumwona. Hata mwaka 1886 mkusanyiko wa Mityana ulikuwa umefika watu wapatao 200.

Ndipo ikaja shida kubwa. Kabaka Mwanga alikuwa kijana, naye aliona kwamba wale waliojifunza dini mpya walimtii Mungu kuliko walivyomtii yeye. Yosefu Mukasa alikuwa amekwisha uawa mwezi wa Novemba 1885. Mwishoni mwa mwezi wa Mei 1886 hasira ya mfalme iliwaka, akatoa amri Wakristo wauawe, Wakatoliki na Waanglikana pia. Matia na Luka walikamatwa, wakafungwa, wakapelekwa mbele ya Katikiro, yaani waziri mkuu wa mfalme. Katikiro alimdhihaki Matia kwa ajili ya kuwaacha wake zake, akamwuliza sababu gani mtu mzima mwenye cheo afuate dini ya wageni. Matia alijibu kwa utulivu kwamba ameifuata kwa hiari yake mwenyewe, wala hataiacha. Katikiro akaamuru auawe.

Tarehe 27 Mei waliondolewa kwenda Namugongo, mahali pa kuulia watu. Walipofika kwenye kilima kiitwacho sasa Kampala ya Zamani, Matia aliwauliza wauaji kwa nini wampeleke mbali, na hali kifo kipo hapo hapo. Wakamwua pale kwa mateso makali, wakimkata viungo, kisha wakamwacha angali hai, ili afe polepole. Alikaa peke yake siku tatu katika jua na baridi ya usiku. Watu waliokwenda kukata matete karibu na hapo walimsikia akiomba maji, lakini walipoiona hali yake waliogopa, wakakimbia. Alikufa tarehe 30 Mei 1886, akiwa na umri wa miaka kama 50. Rafiki yake Luka alipelekwa Namugongo, akachomwa moto pamoja na Karoli Lwanga na wenziwe tarehe 3 Juni.

Watu wa mfalme walitumwa Mityana pia kuwatawanya Wakristo. Noe mfinyanzi alikuwapo. Alipigwa mkuki, akafa tarehe 31 Mei. Dada yake Munaku hakutaka kujificha. Alijitoa mbele ya wale waliomwua kaka yake, akatekwa. Baadaye mapadre walimkomboa, akabatizwa, akaitwa Matilda, na maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia katika kulitumikia Kanisa. Katika habari za mashahidi wa Uganda watu humtaja Munaku mara chache, lakini yeye alibeba kwa miaka mingi kazi ambayo kaka yake aliifanya kwa muda mfupi.

Matia Mulumba na wenzake 21 walitangazwa wenye heri na Papa Benedikto wa Kumi na Tano mwaka 1920. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu huko Roma, maaskofu wa dunia nzima wakiwa wamekusanyika kwa ajili ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Katika Mtaguso huo Kanisa lilifundisha waziwazi kwamba walei, yaani Wakristo wasio mapadre wala watawa, wana sehemu yao wenyewe katika utume wa Kanisa, na kwamba wameipata kwa ubatizo wao, si kwa kuazimwa na padre. Mafundisho hayo yaliandikwa mwaka 1965, lakini Mityana yalikuwa yametendwa miaka 80 kabla. Leo Mityana ina askofu wake, kwa maana jimbo la Kiyinda-Mityana lilianzishwa mwaka 1981.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976, walikubaliana kwamba parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Katika jumuiya hizo majirani hukutana nyumba hata nyumba, husoma Neno la Mungu, huulizana nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hajaonekana. Mtu akizitazama vizuri ataona kwamba zinafanana sana na nyumba ya Matia.

Sasa mtauliza, sisi watoto wa shule tufanye nini? Hatuna nyumba kama Matia, wala hatuwezi kufundisha wakatekumeni. Ni kweli, lakini parokia ina kazi nyingi, na nyingine ni za kadiri yenu. Altare huhitaji watumishi. Kwaya huhitaji sauti. Kanisa hufagiliwa, na ua wake hupaliliwa. Yuko bibi kizee asiyeweza kusoma, naye angefurahi kusomewa Injili ya Jumapili nyumbani kwake. Yuko mgonjwa anayekosa mtu wa kumchotea maji. Yuko mwenzenu aliyekosa mafundisho, naye angeweza kuelezwa na yule aliyekuwapo, kama watu wa Mityana walivyoelezwa na wale waliotoka safarini. Na mtakapokuwa watu wazima zitawangojea kazi nyingine: ukatekista, usomaji wa Neno, utunzaji wa fedha ya parokia kwa uaminifu, uongozi wa jumuiya, malezi ya watoto wenu wenyewe katika imani.

Tena, Matia hakungoja apewe cheo ndipo aanze. Cheo alikuwa nacho tayari katika serikali ya mfalme, akakishusha chini ili awe mtumishi. Katika parokia nyingine kuna watu wanaogombania viti vya mbele, na wakivikosa husema kwamba hawana kazi katika Kanisa. Mtu mkubwa wa Singo alibeba mzigo wake begani, akafinyanga udongo, akaketi mkekani kufundisha watumwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kukosa kazi.

Mahali pengi katika Afrika hata leo padre mmoja ana vigango vingi, naye hufika katika kigango kimoja mara moja kwa mwezi, au hata baada ya miezi kadha wa kadha. Jumapili ambazo hayupo ni nyingi kuliko zile alizopo. Siku hizo kengele hupigwa na nani? Sala huongozwa na nani? Watoto hufundishwa na nani? Mahali ambapo yupo mtu wa kujibu maswali hayo kwa matendo, padre akirudi hukuta watu wameongezeka. Mahali ambapo kila mmoja amemngojea mwenzake, hukuta nyasi mlangoni. Basi, Jumapili ijayo kila mmoja wenu atazame kazi moja katika kigango chake isiyo na mtu, kisha aende kwa mwalimu wa dini, aiombe iwe yake.